Saratani ya kinywa haitafutwi kiwanjani

Kambi za uchunguzi wa afya bila malipo zimeshakuwa jambo la kawaida Unguja na Pemba. Gari la matangazo linapita mitaani siku mbili kabla, mahema yanafungwa kiwanjani au uani mwa hospitali, madaktari wanakuja kutoka mjini, kutoka Dar es Salaam, mara nyingine kutoka nje ya nchi, na watu wanapanga foleni tangu baada ya sala ya alfajiri. Wanapimwa presha, sukari, macho, meno, na panapokuwa na daktari wa kinywa wanamulikwa na midomo. Kambi ikimalizika inasomwa taarifa: waliojitokeza ni wengi, waliokutwa na dalili za saratani ni wachache, wananchi wanaombwa waitikie wito zaidi safari ijayo. Habari inaishia hapo, na wengi wetu tunaipokea kama ushindi. Mimi naona tunaisoma vibaya. Kwa saratani ya kinywa, idadi ya watu waliofungua midomo mbele ya tochi haituambii wangapi watapona. Yanayotuambia ni mambo mawili ambayo ni nadra kuyasikia katika taarifa hizo: kati ya waliochunguzwa, wangapi walikuwa watafunaji wa tambuu na watumiaji wa tumbaku, na kati ya waliokutwa na dalili, wangapi walifikishwa mpaka mwisho wa matibabu. Kampeni isiyojengwa juu ya maswali hayo mawili itaendelea kuwachunguza wenye afya zao na kuwakosa wagonjwa.

Tuuangalie kwanza ugonjwa wenyewe. Mwaka 2020 wagonjwa wapya wa saratani ya midomo na kinywa duniani walikadiriwa kuwa zaidi ya 377,000, na waliofariki zaidi ya 177,000. Mzigo huo umelalia zaidi India, Pakistan, Sri Lanka, Bangladesh, Taiwan na Papua Guinea Mpya, yaani nchi ambazo watu wake wanatafuna popoo. Sisi tumo katika bahari hiyohiyo. Mipopoo na mitambuu imeota mashambani kwetu tangu enzi za mababu, na sinia la tambuu halijawahi kuwa geni kwenye harusi ya Kizanzibari. Jani linapakwa chokaa, linatiwa popoo iliyokatwa kwa mkasi wake, katu, na kwa wengi kipande cha tumbaku, kisha linakunjwa na kutiwa shavuni. Bibi aliyekwisha kung'oka meno anapondewa kwenye kinu kidogo ili asikose. Mjini inauzwa ikiwa tayari imefungwa, imetiwa sukari na manukato. Kando ya hao wa tambuu wapo vijana wanaoweka ugoro chini ya mdomo, wapo watoto wanaonunua vipakiti vya popoo tamu kama wanavyonunua peremende, na wapo wavutaji wa sigara. Pombe nayo imo miongoni mwa visababishi, japo hapa kwetu mtu hainywi kwa kujionesha, na anayevuta sigara huku anakunywa hatari yake ni kubwa kuliko ukizijumlisha hatari za hayo mawili.

Popoo si kitu cha pembeni katika habari hii. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba popoo yenyewe, hata bila ya tumbaku, inasababisha saratani kwa binadamu. Iliwekwa katika kundi la kwanza, kundi moja na moshi wa sigara. Chokaa inaongeza makali: inachubua utando wa kinywa na kurahisisha sumu za popoo kupenya. Ndiyo maana ugonjwa mara nyingi huanzia palepale mtu anapozoea kuuweka mkunjo wake, kwenye shavu au kwenye mfereji baina ya shavu na ufizi. Kabla ya saratani kuna hatua za kati, na hapa ndipo uchunguzi unapopata maana. Kuna baka jeupe lisilofutika, kuna baka jekundu, ambalo ni la hatari zaidi, na kuna ugonjwa wa kukakamaa kwa utando wa ndani wa kinywa, ambao hasa ndio ugonjwa wa wala popoo. Huo wa mwisho huanza kimyakimya. Mtu aliyekuwa akinywa urojo na pilipili yake bila ya wasiwasi anaanza kusikia kinywa kinawaka. Baadaye mashavu yanakuwa magumu kwa ndani, mdomo haufunguki vizuri, tonge inapita kwa taabu. Wataalamu wana kipimo chepesi ambacho mtu anaweza kujifanyia mbele ya kioo: simamisha vidole vyako vitatu, kimoja juu ya mwenzake, ujaribu kuvipitisha baina ya meno ya juu na ya chini. Mtu mzima mwenye kinywa kizima kwa kawaida anaviingiza. Mtafunaji anayekwama kwenye viwili hana sababu ya kungoja tangazo la kambi.

Sasa tuje kwenye uchunguzi wa watu wengi kwa pamoja. Ushahidi mzito kuliko wote tulio nao umetoka Trivandrum, jimbo la Kerala, India. Kuanzia mwaka 1996 watafiti walichukua maeneo 13 na watu wake wa umri wa miaka 35 na zaidi; saba yaliyoteuliwa kwa kura yakapewa uchunguzi wa kinywa kwa awamu, sita yakaachwa na huduma za kawaida. Waliopita nyumba kwa nyumba hawakuwa madaktari. Walikuwa wahitimu wa vyuo wasiosomea udaktari, wakafundishwa namna ya kukikagua kinywa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yana funzo ambalo sisi tumelipita juu juu. Ukiwachukua watu wote kwa jumla, tofauti ya vifo baina ya pande hizo mbili ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeweza kuwa bahati tu. Lakini walipotazamwa peke yao watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34. Kwa wasiotumia hakukuonekana faida.

Zipo tarakimu nyingine mbili katika utafiti huo ambazo ningependa kila anayepanga kampeni azibandike ukutani. Ya kwanza: katika maeneo yaliyochunguzwa, yenye watu zaidi ya 96,000, saratani za kinywa zilizopatikana kwa miaka yote hiyo zilikuwa 205, yaani mtu mmoja katika kila watu 470 hivi, na hapo ni Kerala, mahali penye ugonjwa huu kwa wingi. Kambi ya siku moja inayowamulika watu 300 wa kila aina, wakiwemo wanafunzi waliopita njia, inaweza kufungwa bila ya kukutana na saratani hata moja, na isiwe na maana kwamba mtaa ule hauna mgonjwa. Ya pili inaumiza zaidi. Waliokutwa na dalili walikuwa 5,145, lakini waliokwenda kuonana na daktari kama walivyoelekezwa ni 3,218, asilimia 63. Zaidi ya theluthi moja hawakwenda, na huu ulikuwa utafiti wenye wafanyakazi wake waliokwenda kuwagongea watu milango. Jiulize hali inakuwaje pale mtu anapopewa kikaratasi cha rufaa chini ya hema, na kesho yake hema limeshafungwa na daktari yumo kwenye boti.

Taiwan walilielewa somo hili mapema. Mpango wao wa taifa ulioanza mwaka 2004 haukumwita kila mtu. Uliwaita wavutaji wa sigara na watafunaji wa popoo. Tathmini iliyotolewa mwaka 2017, iliyohusu watu zaidi ya milioni 2.3, ilikuta vifo vimepungua kwa asilimia 26 kwa waliochunguzwa ukilinganisha na waliotakiwa kuja wakasita. Inafaa kusema wazi kwamba ile haikuwa na kundi lililoteuliwa kwa kura kama ya Kerala, na anayekuja mwenyewe kuchunguzwa mara nyingi ndiye anayejitunza zaidi, ingawa watafiti walijaribu kuliondoa tatizo hilo katika hesabu zao. Upande wa pili, jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilisema mwaka 2013 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza au kukataa uchunguzi wa kinywa kwa watu wazima wote wasio na dalili. Kuna watu hapa kwetu wanaoutumia msimamo huo kusema kuwa uchunguzi ni kazi bure. Hawausomi vizuri. Jopo lilizungumzia watu wote kwa ujumla katika nchi isiyokuwa na desturi kubwa ya popoo. Ukiuweka msimamo huo pamoja na matokeo ya Kerala na Taiwan haupingani nayo: kumulika midomo ya kila mtu hakujathibitika, kumulika midomo ya watumiaji kuna ushahidi wa kutosha kuanzia kazi.

Nafikiri chanzo kimoja cha kuchanganyikiwa kwetu ni kwamba tumeichukua sura ya kampeni ya saratani ya mlango wa kizazi na kuivisha saratani ya kinywa. Kule kuna mantiki tofauti. Kila mwanamke wa umri fulani yumo katika hatari, kwa hivyo kuwaita wanawake wote ni sahihi. Kipimo cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi kinampa majibu papo hapo, na mara nyingi dalili za awali zinaweza kutibiwa siku hiyohiyo, pale pale. Tena kuna chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana kitaifa mwaka 2018. Kinywa hakina bahati hizo. Hatari yake imejikusanya kwa kundi moja linalojulikana kwa tabia zake. Baka linaloonekana leo halitibiwi leo; linahitaji kukatwa kinyama kidogo kikapimwe maabara, majibu yasubiriwe, kisha ndiyo pajulikane pa kuelekea. Chanjo hiyo ya HPV inasaidia zaidi kwa saratani za nyuma, kwenye koo na mafindofindo, kuliko hizi za shavuni na chini ya ulimi. Kampeni ya siku moja inayofaa huko haiwezi kufaa huku kwa sababu tu zote mbili zina neno saratani.

Wanaotetea kambi wana hoja za haki, na sitaki kuzipita. Kambi inawafikia watu ambao hospitali wanaiogopa. Inamletea daktari bingwa mtu wa Kojani au Makunduchi ambaye angetumia siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi kumfuata. Inalitaja jina la ugonjwa hadharani, na katika jamii ambayo saratani bado inanong'onwa hilo ni jambo kubwa. Na wapo watu wenye roho zao zilizookolewa kwa sababu siku ile walipita kiwanjani. Haya yote nayakubali. Ninachokikataa ni kuifanya kambi kuwa ndiyo mpango wenyewe. Isitoshe, anayekuja kambini si yule tunayemtafuta. Anayekuja ni mwenye maumivu ya jino, mwenye nafasi, anayependa kujua afya yake. Mtafunaji wa miaka 30 ana sababu zake za kukaa nyumbani: baka haliumi, anaogopa kuambiwa aache, na akiwa mwanamke mtu mzima anaona haya kuufungua mdomo wenye meno yaliyopiga weusi mbele ya vijana wenye makoti meupe. Mabango yetu nayo hayamsaidii. Mengi yamechorwa sigara iliyopigwa mstari, na yeye sigara hajawahi kuishika maishani mwake. Analisoma bango, anaridhika kuwa halimhusu.

Niliwahi kukaa na bibi mmoja wa Wete aliyekuwa na kidonda ndani ya shavu. Nilipomuuliza alicheka. "Chokaa tu hiyo, mwanangu. Siku ile ilikuwa kali." Na kwa kweli chokaa huunguza, kila mtafunaji anajua, na majeraha yake hupona kwa siku chache. Lile halikupona. Jino lililokuwa karibu lilipoanza kucheza alikwenda kwenye kituo cha tiba, likang'olewa, akapewa dawa za kuua vijidudu. Pengo lilipokataa kufunga akapewa nyingine. Ilipofika kuulizwa anatafuna nini na kwa miaka mingapi, shingoni palikuwa pameshaota tezi. Simlaumu aliyemng'oa jino. Alikuja mgonjwa wa jino, akatibiwa jino. Ila swali moja lingebadilisha mwelekeo wa mambo, na swali hilo linagharimu nusu dakika.

Sasa nije kwenye hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayosikika sana barazani: wazee wetu walitafuna maisha yao yote na hawakuwa na saratani. Kwanza, tunawataja waliofika uzeeni kwa sababu ndio tuliowaona. Aliyefariki na miaka 50 baada ya miezi ya kutoweza kumeza aliandikwa kuwa amekufa kwa donda, kwa husuda, au kwa ugonjwa usiojulikana, na hakuna aliyemhesabu upande wa tambuu. Pili, hakuna mtaalamu aliyesema kila mtafunaji atapata saratani. Wengi hawataipata, kama ambavyo wavutaji sigara wengi hawapati saratani ya mapafu, na bado hakuna mtu mwenye akili anayeitetea sigara kwa hoja hiyo. Tatu, tambuu ya leo si ile ya sinia la harusi. Kitu kilichokuwa cha wakubwa na cha wakati maalumu sasa kinauzwa dukani kwa bei ya mtoto, kimetiwa sukari, na kinatafunwa kutwa nzima. Ndugu ya hoja hiyo ni ile ya kwamba ukitoa tumbaku tambuu inabaki salama. Hiyo ilijibiwa mwaka 2004. Kutoa tumbaku kunapunguza hatari, na anayeanza hapo apewe moyo, lakini asidanganywe kwamba ameshafika. Hapa natofautiana na baadhi ya watu wa afya ambao, kwa kuogopa kuigusa mila, wanazungumzia tumbaku tu na kuinyamazia popoo. Heshima kwa wazee haitaki tuwafiche kinachowaua.

Hoja nzito zaidi, na inayonisumbua mwenyewe, ni hii: ya nini kutafuta ugonjwa ambao tiba yake iko mbali? Kwa miaka mingi mgonjwa wa visiwani anayehitaji mionzi amelazimika kuvuka kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Tiba ya mionzi ya saratani ya kinywa kwa kawaida ni siku tano kwa wiki, kwa wiki sita au saba. Kwa mtu wa Micheweni maana yake ni gari hadi bandarini, boti hadi Unguja, boti nyingine hadi Dar, kisha karibu miezi miwili ya kulala, kula na kupanda daladala katika mji asio na jamaa, tena akiwa na mtu wa kumuuguza. Anayerudi njiani hajashindwa na ugonjwa peke yake. Lakini ukiifuata hoja hii mpaka mwisho inageuka kuwa sababu ya kutafuta mapema zaidi, si ya kuacha kutafuta. Saratani ndogo ya kinywa ambayo haijafika shingoni, mara nyingi inatibika kwa upasuaji peke yake, na wengi wa wagonjwa wa hatua hiyo wanapona. Iliyochelewa inahitaji upasuaji mkubwa wa kuondoa sehemu ya taya au ulimi, mionzi juu yake, na mara nyingi dawa, na baada ya yote hayo matumaini ni madogo. Kwa hiyo ugonjwa uliokutwa mapema ndio unaoweza kumwepusha mtu na ile safari ya wiki saba. Na ukikutwa mapema zaidi, ukiwa bado ni baka, huenda kuacha popoo na tumbaku na kurudi kutazamwa kila baada ya miezi michache kukawa ndiyo tiba kubwa, maana mabaka mengi hayageuki saratani na mengine hufifia mtu akiacha.

Hapa ndipo ninapoona Zanzibar ina kitu ambacho nchi nyingi hazina. Chini ya mpango wa Jamii ni Afya, wahudumu wa afya wa kujitolea wanapita nyumba kwa nyumba Unguja na Pemba wakiwa na simu zenye programu ya kuwaongoza. Mpango ulijengwa zaidi kwa ajili ya mama wajawazito na watoto wadogo. Lakini mhudumu anayeingia kumpima mtoto anamkuta pia bibi yake uani, na kijaluba chake cha tambuu mkekani. Anamjua kwa jina, wanatoka shehia moja, na hana haja ya kumuona haya. Maswali mawili yangetosha kuanzia: unatafuna, unavuta au unaweka nini mdomoni, na tangu lini? Kuna kidonda au baka lolote lililokaa zaidi ya wiki mbili? Akiwa mtumiaji wa umri wa miaka 35 na zaidi, aangaliwe kwa tochi: midomo kwa ndani, mashavu yote mawili, fizi, ulimi juu na pembeni na chini yake, sakafu ya kinywa, kaakaa, kisha shingo ipapaswe kutafuta tezi, na kile kipimo cha vidole vitatu. Meno ya bandia yavuliwe kwanza, maana mabaka hupenda kujificha chini yake. Kazi yote haizidi dakika tano. Picha ya shavu lenye baka inaweza kutumwa kwa simu kwa daktari wa kinywa wa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au ya Abdulla Mzee, Mkoani, Pemba, aamue nani aje kesho na nani aangaliwe tena mwezi ujao. Kerala imeshaonesha kwamba macho yaliyofundishwa vizuri hayahitaji shahada ya udaktari.

Sisemi kuwa ni jambo la bure. Watu hawa tayari wana kazi nyingi kuliko posho, na kuwaongezea jukumu bila ya kuwaongezea chochote ni kuliua lile la zamani na jipya pamoja. Watakosea pia. Watawatia hofu watu wenye vidonda vya kujiuma, na watapitwa na mengine. Kwa hivyo panahitajika mafunzo ya kurudiwa na daktari anayejibu picha zinapotumwa, si baada ya wiki tatu. Lakini gharama hiyo ipimwe dhidi ya gharama ya mahema, mafuta, posho za safari na chakula cha wageni kwa kambi inayowaangalia watu wasiohitaji kuangaliwa. Pemba ilikuwa na watu zaidi ya 543,000 kwa sensa ya 2022. Ukiwatoa watoto na vijana, kisha ukawatoa wasiotumia chochote, wanaobaki ni watu ambao orodha yao inaweza kuandikwa shehia kwa shehia. Orodha yenye majina ndiyo inayowezesha kumrudia aliyekuwa na baka mwaka jana. Kambi haina orodha hiyo. Na anayekutwa na dalili apewe nauli mkononi na siku ya miadi, aambatane na mtu anayejua mlango wa kuingilia. Asilimia 37 waliopotea Kerala walipotea baina ya nyumba na hospitali. Sisi katikati yetu kuna bahari.

Kuacha nako kunataka mpango, maana uchunguzi usioambatana na msaada wa kuacha unamwacha mtu na hofu tu. Wenzetu wa kampeni husubiri siku ya kupinga tumbaku duniani, Mei 31. Mimi naona tunayo nafasi iliyo bora, na inakuja kila mwaka bila ya kufadhiliwa na mtu: Ramadhani. Mtafunaji anayeapa kwamba hawezi kukaa saa mbili bila ya kitu mdomoni anakaa tangu alfajiri hadi magharibi kwa siku 29 au 30. Ugumu mkubwa wa siku za mwanzo, kichwa kuuma na hasira za jioni, anaupitia mwenyewe. Kisha baada ya futari anarudi kwenye kijaluba, na Idi ikifika amesharejea kutwa nzima, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ameshavuka sehemu ya safari. Imamu baada ya tarawehe, mwalimu wa madrasa, daktari katika redio kabla ya adhana, mhudumu wa shehia katika wiki ya kwanza ya Mfungomosi: hao wakisema jambo moja kwa wakati mmoja watasikika kuliko bango la mwaka mzima.

Limebaki suala la sheria, na hapa pana mwanya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa udhibiti wa tumbaku mwaka 2007. Mkataba huo unahusu tumbaku. Popoo isiyo na tumbaku hauigusi. Kipakiti cha popoo tamu kinaweza kutii kila neno la mkataba huo na bado kikamwachia mtoto wa darasa la tano kitu cha kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Afya si jambo la Muungano, kwa hivyo Baraza la Wawakilishi halina haja ya kusubiri mtu. Sipendekezi kupiga marufuku tambuu. Wauzaji wengi ni wanawake wanaolea watoto kwa mtaji mdogo, wakulima wa popoo wapo, na marufuku ya ghafla itaisukuma biashara gizani na kumfanya mtumiaji aongope anapoulizwa. Yapo mawili yanayoweza kuanza bila ya kumvunjia mtu riziki: kuzuia kuwauzia watoto popoo ya aina yoyote, na kulazimisha kila kipakiti kinachoingia bandarini kiwe na onyo kwa Kiswahili, pamoja na picha ya kinywa kisichofunguka kwa wale wasiosoma. Mtoto wa miaka 12 anayeanza leo atafika miaka 40, umri ambao madhara ya muda mrefu huwa yameanza kuonekana, baada ya mwaka 2050. Wawakilishi watakaopitisha bajeti ya afya mwaka huu ndio wanaoamua kama mtoto huyo ataikuta popoo kwenye rafu ya peremende, na kama mhudumu wa shehia yake atakuwa na tochi na nauli ya kumpa bibi yake.